Pasha Betri Kabla Hujafika kwenye Chaja

Safu ya maswali ya wasomaji

Barua za mara hii zimetoka Oslo, Minneapolis, Winnipeg, Tampere na miji mingine ya baridi, na moja imetoka Njombe. Karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini gari la umeme linalochaji vizuri mwezi wa Juni hubadilika kabisa ifikapo Januari, na dereva afanye nini. Barua tumezifupisha. Tunaposema uniti tuna maana ileile ya luku au mita ya nyumbani, yaani kilowati moja ikitumika kwa saa nzima.

*

Naendesha teksi Oslo. Majira ya joto nikifika kwenye chaja ya kilowati 150, baada ya dakika 25 au 30 nimeondoka. Baridi ikiingia, chaja ileile na gari lilelile, naona kilowati 38 na nakaa saa nzima huku wateja wananipita. Nimebadilisha vituo, mambo ni yaleyale. Muuzaji aliniambia gari lina hita ya betri lakini sijawahi kuiona ikifanya kazi. Kwa ramani natumia ya simu, maana inajua foleni vizuri.
Dereva wa teksi, Oslo

Kaka, shida yako imo kwenye sentensi yako ya mwisho. Kwenye magari mengi hita ya betri haiwashwi na baridi ya nje kwa ajili ya kuchaji. Huwaka pale gari linapojua kwamba linaelekea kwenye chaja ya haraka, na kwa kawaida hulijua hilo kupitia ramani iliyomo ndani ya gari lenyewe. Ramani ya simu, hata ikionekana kwenye skrini kubwa ya gari, kwa modeli nyingi haiambii kompyuta ya betri chochote.

Fungua ramani ya gari, ingia kwenye orodha ya vituo vya kuchaji, chagua kituo chako humo humo. Usiandike anwani ya mtaa wala jina la duka la jirani, kwa sababu gari litahesabu kuwa ni safari ya kawaida na halitapasha kitu. Kisha tafuta ishara. Kwenye Hyundai na Kia zenye uwezo huo, alama ndogo ya waya uliojikunja hutokea kwenye picha ya betri. Tesla huandika kwenye skrini kwamba betri inatayarishwa kwa chaji ya haraka. Polestar na Volvo zenye ramani ya Google iliyojengwa ndani hutumia ramani hiyo, lakini ile ya simu yako haihesabiki. Usipoona ishara yoyote baada ya dakika chache, chukulia kwamba hita haijawaka.

Ukitaka kuendelea kufuata foleni kwenye simu, iweke simu kwenye kishikio bila kuiunganisha na gari, na ramani ya gari iache ikiendelea bila sauti. Kuna magari ambayo ukianzisha safari kwenye simu iliyounganishwa, safari ya ramani ya gari hukatika papo hapo, na hita huzimika nayo. Hili limewaponza madereva wengi waliodhani hita ni mbovu.

Sasa hizo kilowati 38 zinatoka wapi? Betri imeundwa na vyumba vidogo vingi viitwavyo seli. Kuchaji ni kuhamisha ioni za lithiamu, yaani chembe zenye chaji, kutoka upande mmoja wa seli, zikapita kwenye kimiminika kiitwacho elektroliti, zikajipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti upande wa pili. Baridi huifanya elektroliti iwe nzito kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, na grafiti nayo hupokea ioni kwa taratibu. Ukizisukuma kwa mkondo mkubwa, zinafika kwa kasi kuliko zinavyoweza kuingia. Zinarundikana juu ya grafiti na kuwa utando wa chuma cha lithiamu. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi kazini tena, kwa hiyo uwezo wa betri unapungua moja kwa moja, na utando ukiota miiba unaweza kutoboa kitenganishi, yaani ngozi nyembamba inayotenga pande hizo mbili, na kuleta shoti ndani ya seli. Kompyuta ya betri inalijua hilo, ndiyo maana inabana mkondo. Chaja iko tayari kutoa 150. Gari ndilo linalokataa kupokea, na lina haki.

Halafu kuna hasara ya pili ambayo haionekani upesi. Betri baridi ikiwekwa kwenye chaja, mkondo wenyewe na hita huipasha kidogo kidogo, kwa hiyo utaona namba zikipanda: 38, baadaye 50, baadaye 65. Ila inapopata joto la kutosha, tayari imefika asilimia 60 au 70, na hapo gari lolote hupunguza kasi kwa sababu betri inakaribia kujaa. Kipindi chenye kasi kubwa, yaani kutoka asilimia 10 hadi 50, umekitumia kuyeyusha baridi. Kwa hiyo kupasha kabla ya kufika ni tofauti kabisa na kupasha ukiwa umeshachomeka.

Tupige hesabu ya muda, maana hapa ndipo wengi hukosea. Chukua betri ya uniti 75 yenye uzito wa karibu kilo 450. Kila kilo huhitaji takribani kilojuli 1 ili ipande digrii 1. Kuitoa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 25 juu ni digrii 35, sawa na kilojuli 15,750, ambazo ni karibu uniti 4 na nusu. Hita ya kilowati 5 na nusu itachukua dakika 50 kwa kazi hiyo, na ukiongeza joto linalopotea njiani, hesabu saa nzima. Ukichagua kituo kilicho dakika 10 mbele, betri itakuwa imepanda digrii 6 au 7 tu. Magari mengi huanza kupokea kasi ya maana seli zikifika nyuzi 20 hadi 25. Mengine, Tesla mojawapo, huipandisha betri kupita 40 kabla ya chaja kubwa.

Kwa kazi ya teksi ugumu ni kwamba hujui mteja anayefuata atakupeleka wapi. Tangu Novemba 2024 teksi za Oslo zinatakiwa zisitoe moshi kabisa, kwa hiyo hamko wachache mnaohangaika na hili. Ukipata abiria wa kutoka uwanja wa ndege wa Gardermoen kuja mjini, weka kituo cha kuchaji kama kituo cha mwisho baada ya anwani ya abiria. Kilomita 50 hizo zinatosha kuipasha betri vizuri. Baadhi ya magari hupasha hata kama chaja ni kituo cha pili kwenye safari, mengine husubiri mpaka iwe ndiyo inayofuata. Jaribu uone la kwako. Modeli mpya nyingi zina kitufe cha kupasha kwa mkono ndani ya menyu ya kuchaji, na kwa dereva wa teksi kitufe hicho kina thamani kuliko pambo lolote la gari. Chaji mchana au jioni baada ya kazi. Ukichaji alfajiri, gari likiwa limelala nje usiku kucha, utakutana na betri katika hali yake mbaya kuliko zote.

Na kabla hujalaumu betri, tazama chaja. Nyingi zina kebo mbili zinazogawana nguvu moja, na mwenzako akichomeka upande wa pili unabaki na nusu. Kama skrini ya gari inaonyesha betri ina joto na bado unapata kidogo, hamia chaja isiyo na mtu.

*

Mume wangu anasema kupasha betri ni kutupa umeme, kwamba gari linakula chaji ili lipate chaji. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Minneapolis

Kila mmoja ana upande wake, dada. Kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha, siku ya baridi kali mnaweza kutumia uniti 4 au 5, ambazo zingewapeleka kilomita 15 hadi 20 wakati wa baridi. Kwenye chaja ya haraka inayouza uniti kwa senti 40 hadi 50, hiyo ni kama dola 2. Mnachopata ni kupunguza nusu saa au zaidi kituoni. Na nusu saa hiyo nayo ina gharama: mkikaa ndani ya gari kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hita ya abiria peke yake inakula kilowati 2 hadi 4 muda wote. Mahali ambapo kituo kinatoza kwa dakika, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi Kanada, kuchaji betri baridi ni kulipia dakika ambazo umeme hauingii.

Mume wako ana haki pale ambapo mnachaji nyumbani kwa plagi ya polepole. Huko mkondo ni mdogo na gari litaipasha betri lenyewe kwa kiasi kinachotakiwa. Hakuna haja ya kuitayarisha njiani. Vilevile kama chaja ya haraka iko dakika 10 kutoka nyumbani, au mnahitaji kuongeza asilimia 10 tu ili mfike, msihangaike. Na kama mmeshaendesha saa tatu kwenye barabara kuu na kuchaji mara moja, betri bado ina joto la chaji ya kwanza. Gari likitumia ramani yake litapima lenyewe na huenda lisiwashe hita kabisa.

Tahadhari moja kubwa. Msiingie kituoni na asilimia 3 wakati wa baridi kali. Magari mengi hukataa kuwasha hita ya betri chaji ikishuka sana, ili yalinde kilichobaki kwa ajili ya kufika. Betri inafika baridi na tupu kwa pamoja. Januari 2024 Chicago ilipokumbwa na baridi ya kuzidi nyuzi 18 chini ya sifuri, magari ya umeme yalipanga foleni ndefu vituoni na baadhi yalizimika hapo hapo. Wenye magari waliofika na chaji kidogo walisubiri huku hita za ndani zikila kilichobaki, betri zikapoa kwenye foleni, na kila gari lililopata nafasi likakaa kwenye chaja muda mrefu kuliko kawaida. Fikeni na asilimia 15 hadi 20, na mkikuta foleni zimeni hita ya hewa mbaki na ya viti. Kiti kimoja chenye joto hula wati 50 hadi 100 hivi.

*

Usiku kucha gari lilikuwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, nje nyuzi 28 chini ya sifuri. Asubuhi chaji ilikuwa palepale. Fundi umeme amepima soketi, ni nzima.
Mama wa Winnipeg

Soketi ni nzima, mama, na gari pia ni zima. Soketi ya volti 120 kwa ampea 12 inatoa kilowati 1.44 tu. Humo toa umeme unaoliwa na kompyuta za gari na pampu, halafu hita ya betri, kwa sababu seli zikiwa chini ya sifuri gari haliruhusu chaji ya maana mpaka zipande. Kwa baridi ya 28, joto linapotea kwenye hewa karibu kwa kasi ileile linavyoingia. Usiku mzima umeme wako umefanya kazi ya kuzuia betri isigande, na hakuna kilichobaki cha kuweka akiba.

Chomeka mara tu unapofika nyumbani. Betri iliyotoka safarini bado ina joto, na uniti za saa mbili za kwanza huingia karibu zote. Ukisubiri hadi saa sita usiku, umeshaipoteza nafasi hiyo. Tiba ya kweli ni laini ya volti 240. Ampea 16 tu hukupa kilowati 3.8, na hapo hita ikishachukua chake bado kuna kinachoingia. Ampea 32 hukupa 7.7. Kama una gereji, hata isiyo na hita, ingiza gari humo. Kukingwa na upepo pekee kunasaidia sana.

Ukiweka saa ya kuondoka kwenye menyu ya gari, mengi hupanga chaji imalizike karibu na saa hiyo, na hupasha ndani ya gari kwa umeme wa ukutani badala ya wa betri. Ila kwa soketi yako ya sasa usitarajie makubwa: hita ya ndani peke yake inaweza kutaka zaidi ya hizo kilowati 1.44, na kinachopungua kitatoka kwenye betri.

*

Tunaishi ghorofani Tampere. Kwenye maegesho kuna nguzo zenye soketi na saa ya kuzungusha, zinatoa umeme saa mbili tu. Je, zinafaa kwa gari la umeme?
Wanandoa, Tampere

Nguzo hizo ziliwekwa kwa ajili ya kupasha injini za petroli na dizeli kabla ya kuwasha asubuhi. Kwanza waulizeni wasimamizi wa nyumba kama wanaruhusu kuchaji, kwa sababu nyaya nyingine ni za zamani na fyuzi moja inalisha magari kadhaa. Wakikubali, wekeni mkondo kwenye ampea 8, kiasi kinachoshauriwa huko kwa soketi ya kawaida inayotumika kwa muda mrefu. Volti 230 kwa ampea 8 ni kilowati 1.84, kwa hiyo saa mbili ni uniti 3.7 hivi.

Ni kidogo, lakini muda wake mnauchagua nyinyi. Zungusheni saa ili umeme uje katika saa mbili za mwisho kabla ya kuondoka, na muda wa kuondoka muuweke pia kwenye programu ya gari. Mtaondoka na kioo kisicho na barafu na betri iliyopanda digrii chache. Digrii hizo zinarudisha sehemu ya breki ya kuzalisha umeme, ambayo betri ikiwa baridi hubanwa kwa sababu ileile ya chaji: gari linapopunguza mwendo, umeme unarudi kwenye betri, nako ni kuchaji. Mkiona mguu mkiutoa kwenye pedali gari linateleza tu bila kujizuia kama mlivyozoea, betri ndiyo inayowaambia hali yake. Kwenye theluji kumbukeni hilo, mbaki mbali zaidi na gari la mbele.

*

Gari langu ni la 2020 na halina mpango wa kupasha betri. Nimeambiwa nikanyage na kufunga breki mara nyingi nikikaribia chaja. Ni kweli?
Msomaji, Ujerumani

Inapasha, ila kidogo sana kuliko watu wanavyodhani. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa wakati wa baridi, gari linatumia kama kilowati 22, na kinachogeuka joto ndani ya betri ni asilimia chache za hizo, tuseme kilowati 0.6 au 0.7. Kwa betri ya kilo 450 hiyo ni digrii 5 kwa saa, na hewa baridi chini ya gari inachukua sehemu yake. Kukanyaga na kufunga breki kwa nguvu kunaongeza, kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto ni mara nne. Lakini kufanya hivyo kwa dakika 10 kwenye barabara yenye barafu ni kuhatarisha watu kwa ajili ya digrii 3. Achana nalo.

Panga safari ili chaji iwe mwisho wa mwendo mrefu. Jaza nyumbani au hotelini usiku, chaji ikamilike muda mfupi kabla ya kuondoka. Njiani, chaji mara moja ndefu kuliko mara tatu fupi zenye mapumziko marefu katikati, maana kila ukisimama saa mbili nje betri inapoa. Na waulize wenye modeli yako kuhusu programu mpya: magari kadhaa yaliyouzwa bila uwezo huu, zikiwemo Ioniq 5 za mwanzo katika masoko mengi, yaliupata baadaye kwa kusasisha programu, kwa sababu hita yenyewe ilikuwemo tayari. Pale ambapo hita haikufungwa kiwandani, hakuna programu itakayosaidia.

Angalia pia aina ya seli. Betri za chuma na fosfati, zile ambazo kwa kawaida mtengenezaji hukwambia ujaze hadi asilimia 100 mara kwa mara, zinavumilia mengi lakini baridi inazibana zaidi kuliko zile za nikeli. Na kwa kuwa volti yao karibu haibadiliki kutoka asilimia 80 hadi 20, kipimo cha chaji hupotoka kwa urahisi. Wakati wa baridi mwenye betri hizo ajiwekee akiba kubwa zaidi.

*

Alama ya kupasha inawaka, nasafiri saa nzima, lakini nikifika chaji bado ni ya polepole.
Msomaji, Edmonton

Hapa usikisie, pima. Nunua kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, na uweke kwenye simu programu ya kukisoma. Car Scanner inasoma magari mengi, na Nissan Leaf ina LeafSpy. Tazama namba mbili: joto la seli yenye baridi kuliko zote na la ile yenye joto kuliko zote. Gari hufuata ile ya baridi. Soma unapoondoka, kisha kila baada ya dakika 10.

Zikipanda digrii 5 au zaidi kila dakika 10, hita ni nzima na tatizo liko kwenye chaja au kwenye asilimia uliyofika nayo. Ukichomeka ukiwa na asilimia 65, hakuna joto litakalokupa kasi. Zikipanda polepole sana, huenda gari lako halina hita maalumu bali linatumia joto la mota, kama Model 3 inavyofanya, na kwa baridi ya Edmonton njia hiyo inataka muda mrefu zaidi. Zisipopanda kabisa, kuna hitilafu. Anza na maji ya kupoza betri: tangi lake mara nyingi ni tofauti na la mota, na yakipungua pampu huvuta hewa, joto la hita halifiki kwenye seli. Usiongeze maji ya bomba wala mchanganyiko wowote wa dukani. Baadhi ya watengenezaji hutumia kimiminika maalumu kisichopitisha umeme kwa urahisi, na kukichanganya kunaharibu kazi yake yote. Baada ya hapo ni pampu, kisha vali inayochagua njia ya maji ambayo inaweza kukwama, kisha hita yenyewe au fyuzi yake. Seli za upande mmoja zikipanda na za upande mwingine zikibaki nyuma kwa zaidi ya digrii 10, shuku hewa iliyonaswa kwenye mabomba baada ya matengenezo.

Hita hiyo inatumia volti zilezile za betri kubwa, 400 au 800. Kebo za rangi ya chungwa hazifunguliwi na mtu asiyefunzwa, hata gari likiwa limezimwa. Mpelekee fundi namba ulizoandika. Zitamwokolea muda wa kutafuta.

*

Kupasha kila siku hakuichoshi betri?
Msomaji, Stockholm

Joto la nyuzi 30 au 40 kwa saa moja halina madhara yanayofanana na yale ya kulazimisha chaji kwenye baridi. Kinachozeesha betri kwa joto ni kukaa humo muda mrefu ikiwa imejaa, jambo ambalo Stockholm ya Februari halitokei.

*

Kichwa cha kebo kiliganda kwenye gari langu, hakitoki. Nilitaka kumwagia maji ya moto.
Msomaji, Tromsø

Usimwage. Maji yataingia kwenye komeo na kuganda tena ndani ya dakika chache, safari hii mahali pabaya zaidi. Kwanza funga na kufungua gari kwa ufunguo mara mbili tatu, kwa sababu mara nyingi ni pini ya kufuli iliyokwama. Washa kupasha ndani ya gari; magari mengine hupasha pia tundu la kuchajia. Gonga pembeni mwa kichwa kwa kiganja, barafu ivunjike, na kisukume ndani kidogo kabla ya kukivuta. Ikishindikana, tafuta kamba ya dharura ya kufungua, ambayo kwenye magari mengi iko kwenye buti au chini ya boneti. Kitabu cha gari kitakuonyesha. Kwa kuzuia, funika tundu lililochomekwa kwa mfuko wa nguo, na kabla ya kuchomeka kung'uta theluji iliyomo ndani ya kichwa cha kebo.

*

Ninataka kununua Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Njombe kuna baridi, Julai tunaona hata sakitu mashambani. Je, betri itahitaji hita?
Mwalimu, Njombe

Shikamoo, mwalimu. Haitahitaji. Usiku wa Julai wa huko kwenu unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 5 na wakati mwingine chini yake, lakini betri nzito hivyo hupoa taratibu, na kufikia alfajiri itakuwa bado juu ya hewa ya nje. Chaji ya nyumbani ya kilowati 3 haitasikia tofauti yoyote. Hita iliyomo kwenye baadhi ya Leaf huwaka tu baridi ikizidi sana, takribani 17 chini ya sifuri, kuzuia betri isigande. Haikuwekwa kwa ajili ya kuharakisha chaji.

Kwa Leaf za vizazi viwili vya kwanza, adui ni joto. Betri yake haina maji ya kuipoza, hupozwa na hewa tu, kwa hiyo joto likishaingia hutoka polepole sana. Ukishuka kuelekea mabonde yenye joto kwa mwendo wa kasi kisha ukapata chaja ya haraka, betri inaweza kupita nyuzi 40, na modeli ya uniti 40 itapunguza kasi ya chaji ya pili na ya tatu siku hiyo. Kule Njombe baridi itakusaidia. Chaji usiku au alfajiri, usiliache juani likiwa na asilimia 100, na kabla hujatoa pesa mwombe muuzaji akutumie picha ya skrini ya LeafSpy inayoonyesha afya ya betri pamoja na joto lake. Kwenye dashibodi hesabu pia vijiti vidogo vya uwezo vilivyo pembeni ya kipimo cha chaji: betri mpya ina 12, na cha kwanza kinapotea betri ikishapoteza kama asilimia 15.